Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubadilisha Injini ya Mark II ya Zamani

Toyota Mark II za umbo la X100, zilizoanza kutoka kiwandani mwaka 1996 pamoja na Chaser na Cresta za familia hiyohiyo, bado zinaonekana barabarani Tanzania, na nyingi kati yake ni GX100, yaani zile zenye injini ya 1G-FE ya lita mbili. Injini hiyo ni tulivu na mafundi wengi wanaifahamu, lakini haina haraka: matoleo ya kabla ya 1998 yalitangazwa kuwa na nguvu farasi 140, na yaliyofuata, yenye VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali kufunguka), 160. Ndiyo maana mwenye gari anayetaka kasi zaidi huanza kuulizia 1JZ ya lita 2.5, ambayo bila turbo hutoa nguvu farasi zipatazo 200, na ikiwa na turbo ilitangazwa kuwa na 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana kutokivuka katika matangazo yao hadi mwaka 2004.

Wazo hilo halina kasoro ya msingi, kwa sababu Toyota wenyewe walifunga 1JZ katika bodi hiyohiyo na kuiita JZX100. Kinachowaangusha wengi ni kudhani kwamba kazi yenyewe ni siku ya kushusha injini moja na kupandisha nyingine. Siku hiyo ndiyo rahisi. Gharama na usumbufu hutoka katika mambo yaliyopaswa kukaguliwa kabla, na mengi kati ya hayo hayahusu injini mpya hata kidogo, bali yanahusu gari kuukuu litakaloipokea.

La kwanza ni kujua kwa hakika injini uliyonayo inaumwa nini, kwa kuwa si mara chache gari linalodaiwa kuwa zito linahitaji matengenezo tu. Magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 hujipima yenyewe bila mashine yoyote. Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye mfuniko ulioandikwa DIAGNOSTIC, na ndani yake matundu yametajwa kwa herufi. Ukiunganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha ukawasha swichi bila kupiga stata, taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa haraka kwa mfululizo usiobadilika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikatua, kisha ikapepesa tena mara mbili, hiyo ni namba 22, nayo inaelekeza kwenye sensa ya joto la maji au waya zake. Namba 41 ni ya sensa ya throto, yaani mlango wa hewa ya injini, 52 ni ya sensa ya kugonga. Sensa ya joto ikisema uongo, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, humimina petroli kana kwamba injini bado ni baridi, gari likawa zito na lenye kiu, na mwenye gari akaamini kwamba injini imechoka kumbe kinachohitajika ni kifaa kinachotoshea kiganjani.

Baada ya hapo pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda. Injini iwe na moto wake wa kawaida, plagi zote sita zitolewe, throto ifunguliwe yote, na kila silinda ipimwe kwa mizunguko ileile ya stata. Silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya psi 14 hivi, ambacho ndicho kiwango kinachotajwa na miongozo mingi ya Toyota. Iliyo chini iwekewe kijiko kidogo cha oili na kupimwa tena: kipimo kikipanda, ringi zimelika, kikibaki palepale, tafuta kwenye vali au gasketi. Kama zote sita ziko sawa na malalamiko yako ni uzito tu, tazama kwanza masega ya ekzosi (kile kichujio cha moshi), kwani masega yaliyoziba huinyima injini pumzi kwa namna ambayo hakuna tyuning itakayoificha. Wapo waliokwisha kulipia injini nyingine kwa ajili ya tatizo hilo.

Ukiridhika kwamba unahitaji injini nyingine, jifunze kusoma jina lake kabla ya kwenda kwenye maduka ya spea. Namba na herufi za mwanzo ni familia, na zile za baada ya kistari hueleza kilichomo. G ni kichwa cha kamshafti mbili kilichokusudiwa nguvu, F ni kichwa cha kamshafti mbili kilichokusudiwa matumizi madogo ya mafuta, T ni turbo, na E ni nozeli zinazoendeshwa kwa umeme. Kwa hiyo 1JZ-GE na 1JZ-GTE ni jamaa wa karibu, lakini 1JZ-FSE, iliyoanza mwaka 2000 na kupatikana kwenye baadhi ya Mark II za umbo la X110, ni habari nyingine kabisa: hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya presha kubwa, na haivumilii mafuta machafu. Bei yake mara nyingi huvutia, na sababu ya kuvutia ni hiyo. Kwa gari la kazi za kila siku, ushauri wangu ni kuiacha mahali ilipo.

Injini nyingi za mtumba hufika Afrika Mashariki moja kwa moja kutoka Japani au kwa kupitia Umoja wa Falme za Kiarabu, na muuzaji hukupa ama injini tupu ama nozikati, yaani sehemu yote ya mbele ya gari iliyokatwa ikiwa na kila kitu chake. Nozikati ni ghali zaidi, lakini kwa kazi hii ndiyo yenye nafuu. Injini tupu ya 1JZ bila wayaringi yake, kontroli boksi yake, mita ya hewa au sensa zake, bracketi za maunting na mabomba yake ni chuma tu, na kuvitafuta vitu hivyo kimoja kimoja baadaye kutakugharimu kuliko tofauti ya bei uliyoikimbia. Hakikisha pia umbo la sampu, yaani karai la oili lililo chini ya injini, kwa kuwa 1JZ ilifungwa kwenye magari mengi na sampu zake hazifanani. Na ikiwa gari lako ni GX105, lile linalovuta kwa magurudumu yote manne, fahamu kwamba sampu na mpangilio wa mbele ni tofauti na wa GX100, hivyo maelezo mengi utakayopewa na wenye GX100 hayatakusaidia.

Wayaringi ndiyo sehemu inayostahili muda mwingi kuliko zote. Waya zilizokaa karibu na injini yenye moto kwa zaidi ya miaka 20 hubaki na ganda gumu, na plagi zake za plastiki huwa kavu kiasi kwamba kile kikoleo kinachozifunga hukatika mara tu fundi anapokibonyeza. Plagi isiyo na kikoleo hukaa vizuri gereji, kisha hulegea kwenye tuta la tatu, na gari likaanza kuzima bila mpangilio. Kabla ya kununua, omba ruhusa ubonyeze plagi chache na ukunje waya karibu na kichwa cha injini. Zikisikika kuvunjika ndani, hesabu gharama ya kuzifunga upya. Kataa kabisa wayaringi iliyokatwa kwa kisu ili injini itoke haraka. Fundi anayekuambia kuwa ataunga waya 60 kwa kuzisokota na kuzifunga selotepu anakutengenezea hitilafu ambayo hata yeye hataipata tena.

Kontroli boksi nayo ifunguliwe. Nyingi za miaka ya 1990 zina kapasita ambazo kwa uzee huvuja majimaji yanayokula bodi ya shaba. Tazama chini ya kila kapasita: ukiona utandu wa kijani au doa lililonata, ipelekwe kwa fundi wa elektroniki abadilishe kapasita zote, siyo ile moja iliyooza tu, kabla bodi haijaharibika moja kwa moja. Hakikisha vilevile kwamba kontroli boksi inaendana na gia boksi utakayotumia, kwa sababu kwenye magari haya kontroli boksi ya gari la otomatiki ndiyo inayobadilisha gia pia. Ukichukua iliyotoka kwenye gari la manyuo, lenye gia boksi ya R154, ukaiunganisha na gia boksi ya otomatiki, injini itawaka vizuri, nawe utabaki unashangaa kwa nini gia hazipandi.

Injini ikiwa bado iko chini, badilisha kila kitu ambacho ni kigumu kukifikia ikishapandishwa. Historia yake huijui, na kilomita zilizoandikwa kwenye karatasi ya muuzaji si ushahidi. Taiming belti, ambayo Toyota huitaka ibadilishwe kila kilomita 100,000, ibadilishwe pamoja na tensha yake, pampu ya maji, na sili za mbele za kranki na kamshafti. Gasketi ya kava ya vali isisahaulike, kwani ikichakaa huruhusu oili kujaa kwenye visima vya plagi, na misi (silinda kukosa kuwaka) inayotokana nayo huwa inasingiziwa koili. Mipira midogo ya hewa iliyokauka ibadilishwe yote kwa pamoja.

Mfumo wa kupoza ndio unaoua injini hizi. 1G na 1JZ zote zina bloku ya chuma cha kumimina na kichwa cha aluminiamu, na gari likichemsha sana, kichwa ndicho kinachopinda na gasketi ndiyo inayoachia. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, tayari umechelewa. Rejeta ya 1G haikukusudiwa joto la 1JZ, hasa yenye turbo, hivyo tafuta ya JZX100, na ukague tangi zake za plastiki: zikiwa zimegeuka kutoka weusi kwenda ukahawia, ziko karibu kupasuka. Feni ya viskasi, ile inayozungushwa na injini kupitia klachi ya majimaji, isizunguke kwa ulegevu injini ikiwa na moto. Na hapa kuna mazoea ambayo sina budi kuyapinga, ya fundi kung’oa themostati kwa hoja kwamba nchi zetu zina joto. Themostati haileti joto. Inaifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuitunza hapo. Ikitolewa, injini hukawia kupata moto, kontroli boksi huendelea kuongeza petroli, na ringi na silinda hulika mapema, huku sababu halisi ya kuchemsha, ambayo huwa ni rejeta iliyoziba au feni dhaifu, ikiwa haijaguswa. Weka themostati mpya, na badala ya maji ya bomba tumia kuulanti, ambayo kazi yake nyingine ni kuzuia kutu ndani ya bloku.

Kwa upande wa petroli, pampu ya ndani ya tangi la GX100 haitoshi kuilisha 1JZ-GTE. Ya Tourer V, toleo lililotoka kiwandani na 1JZ-GTE, ni kubwa zaidi. Injini hiyo pia ilitengenezwa kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vya Japani haipungui oktani 96, wakati ya kawaida huanzia 89. Uliza kituo unachojaza kinauza oktani ngapi kabla ya kuamua kama turbo inakufaa. Ukishaifunga, jizuie kupandisha busti, yaani presha ya turbo. Turbo mbili za matoleo yake ya kabla ya 1996 zina gurudumu la turbini la kauri, ambalo ni jepesi na huamka haraka, lakini husambaratika likisukumwa zaidi ya kiwango chake, hata kama injini yenyewe ingestahimili nguvu zaidi.

Breki za GX100 hazikutengenezwa kwa nguvu farasi 280. Diski na kalipa za mbele za Tourer V ziwe ndani ya bajeti tangu mwanzo, pamoja na mipira ya breki iliyozeeka, bushi za mikono na tairi zinazofaa. Asiyeweza kuvigharamia abaki na 1JZ-GE.

Yapo pia makaratasi. Kadi ya gari hubeba namba ya injini, kwa hiyo hakikisha injini unayonunua ina namba inayosomeka kwenye bloku, isiyokwanguliwa, na udai risiti pamoja na nyaraka za kuingizwa kwake nchini. Nchini Tanzania mabadiliko hayo hupelekwa TRA, mamlaka ya mapato, ili kumbukumbu za gari zirekebishwe, na Kenya hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ambako gari hukaguliwa. Mwarifu na mwenye bima yako kwa maandishi, kwa sababu tofauti kati ya namba iliyoko kwenye kadi na iliyoko kwenye bloku huwa haimsumbui mtu hadi siku ya ajali, ya wizi au ya kuuza gari.

Mwisho, injini yako ya zamani usiiuze siku ileile ili kufidia gharama. Ifunge matundu yote, iweke mahali pakavu pamoja na wayaringi na kontroli boksi yake, na uiache hapo hadi mpya itakapokuwa imebadilishiwa oili ya kwanza baada ya kilomita 1,000, imepita kwenye foleni za mchana bila kuchemsha, na imesafiri safari ndefu bila kula oili wala kuwasha taa yoyote kwenye dashibodi.