Tumbo kuvurugika kabla ya hedhi na wakati wa hedhi: namna ya kulitunza

Kina mama na dada wengi hapa Lamu huona tumbo likiwabadilikia kila mwezi, wakaichukulia hali hiyo kuwa shida moja yenye dawa moja. Kwa kawaida hali huwa mbili, nazo zinapingana: kabla ya damu utumbo huzembea, na damu inapoanza huenda mbio.

Baada ya yai kutoka, homoni ya projesteroni hupanda na kulegeza misuli ya utumbo, hivyo chakula hupita polepole, choo hukauka na tumbo hujaa gesi. Hedhi inapokaribia homoni hiyo hushuka, na utando wa mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana mji wa mimba ili utando utoke. Zikizidi, huubana na utumbo ulio jirani, na hapo ndipo mtu huharisha au kusikia kichefuchefu siku ya kwanza na ya pili.

Hatua ya kwanza ni kuandika. Kwa miezi miwili au mitatu, andika tarehe ya damu kuanza, hali ya choo na ulichokula. Tumbo lisilofuata mwezi lina sababu nyingine, pengine maji ya kisima yasiyochemshwa, na somo hili halitalitibu.

Hatua ya pili ni ya wiki moja kabla ya damu. Kunywa maji zaidi, kula papai, mchicha na uji wa mtama, na upunguze achari na samaki wa chumvi, kwa kuwa chumvi nyingi huzuia maji mwilini na kuzidisha kule kuvimbiwa. Mbaazi za nazi zikikujaza gesi, pakua kidogo badala ya kuziacha kabisa, kwani nyuzi zake zinasaidia choo. Matembezi ya jioni ufuoni nayo huamsha utumbo.

Hatua ya tatu huanza damu inapotoka, na hapo chakula hubadilika: wali laini, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha, supu ya samaki isiyo na pilipili. Kahawa tungu iache kwa siku hizo, ingawa najua ninawaomba jambo zito, kwa sababu kahawa huusukuma utumbo ambao tayari unakimbia. Ukiharisha mara nyingi, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vyote vikisawazishwa juu bila kurundikwa, unywe kidogo kidogo.

Hatua ya nne ni maumivu. Kukanda kwa joto kunasaidia kweli. Tumia chupa madhubuti iliyofungwa leso, wala usitie maji yanayochemka katika chupa ya soda ya plastiki, kwa maana hulegea na kuunguza. Ibuprofeni hupunguza utengenezaji wa prostaglandini, kwa hiyo hufanya kazi vizuri zaidi ikinywewa mapema, maumivu yanapoanza, na baada ya chakula. Mtu mzima hunywa miligramu 200 hadi 400, akirudia baada ya saa sita hadi nane, bila kuzidisha miligramu 1,200 kwa siku pasipo daktari. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, mimba, au pumu inayochochewa na dawa za aina hii asiitumie.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Langoni: Assalamu alaikum, dada. Je, ninywe dawa ya kufunga kuhara kila mwezi?

Waalaikumu ssalamu. Loperamidi inaweza kumtuliza mtu mzima kwa siku moja au mbili, lakini ukiwa na homa au damu katika choo usiinywe. Wala usiimeze mapema kwa kujikinga, kwa kuwa utaukuta utumbo bado mzito na utafunga choo.

Mwanachama wa Shela: Binti yangu huumwa mno anapokwenda choo siku za hedhi, hata shule hukosa. Bibi yake asema ni chango, yaani maumivu ya hedhi tu, na litamwacha akiolewa.

Mama, usingoje ndoa. Maumivu makali ya choo yanayorudi na hedhi huweza kuwa dalili ya endometriosi, ambapo tishu inayofanana na utando wa mji wa mimba huota nje yake, mara nyingine kwenye utumbo. Mpeleke kwa daktari wa magonjwa ya wanawake pamoja na daftari lile la tarehe. Damu katika choo, kupungua uzito au kuzimia ni sababu ya kwenda leo.

Mwanachama wa Mkomani: Tangawizi je?

Inywe. Huwapunguzia baadhi ya wanawake maumivu na kichefuchefu. Ila ikikuletea kiungulia, iweke nyepesi.

Mwanachama wa Mkomani tena: Na choo changu kimekuwa cheusi tangu nipewe vidonge vya kuongeza damu.

Madini ya chuma hukitia choo weusi na mara nyingi hukifunga, kwa hiyo zidisha maji na papai, na usiviache vidonge bila kumuuliza aliyekupa. Kikiwa cheusi, cha kunata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, hiyo huenda ikawa damu kutoka tumboni, na hapo nenda hospitali usiku huo huo.