Jinsi ya kuitazama miti ya David Hockney ukaielewa

Ukikutana na Bigger Trees Near Warter, ule mchoro mkubwa wa miti wa mchoraji Mwingereza David Hockney, iwe mubashara au kwenye simu tu, usiipite haraka jamani. Anza kwa mbali, maana ina mita 12 na ushee kwa upana, zaidi ya mita 4 kwenda juu na imeungwa kwa turubai 50, ukisogea mapema utaona vipande tu. Halafu sasa sogea, chagua tawi moja, lolote lile, ulifuate kutoka kwenye shina mpaka vile vijiti vyembamba vya juu kabisa, majani hakuna maana kule Yorkshire, Uingereza, alikochorea, miti ilikuwa bado haijachipua, na nyuma utaona mingine ina upinki fulani hivi mzuri sana. Alichorea hukohuko nje, 2007, turubai moja moja, kompyuta ndo ikamsaidia kuona zinavyoungana. Ile mistari ya maungio mi naipenda mno, usiione kasoro. Na usiulize kama inafanana na picha ya kamera, angalia brashi ilivyokimbia. Ukimaliza tafuta michoro yake ya aipadi ya Woldgate, 2011, barabara moja ya hukohuko Yorkshire majira yanavyobadilika, uilinganishe.