Namna ya Kuchagua Mada Utakayoiandikia kwa Muda Mrefu

Anayetaka kuandika makala kwa mfululizo, wiki baada ya wiki, kwa kawaida huambiwa aandike kuhusu kile anachokipenda. Ushauri huo una kweli ndani yake, lakini haumfikishi mbali, kwa kuwa mtu anaweza kuipenda sana mada ambayo hana njia ya kuijua kuliko wanavyoijua wasomaji wake. Kwa mwandishi wa Kiswahili anayeishi Uganda, nashikilia kipimo kingine: mada inayofaa ni ile ambayo ukweli wake unaweza kuukagua mwenyewe, kwa kwenda, kuona na kuuliza, tena kwa nauli unayoimudu.

Anza kwa kuandika maswali ambayo watu hukuuliza. Fundi chuma wa Katwe huulizwa mabati ya unene gani yanafaa kwa geti. Mwalimu wa Tororo huulizwa na wazazi jinsi mtoto anavyopimwa katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020. Utingo wa lori huulizwa gari hukaa siku ngapi mpakani Malaba. Kwa majuma kadhaa yaandike maswali hayo katika daftari kwa maneno yale yale ya muulizaji, bila kuyapamba, kwa maana maneno yake yanaonyesha mahali hasa alipokwama. Swali linalorudiwa na watu wasiojuana ni dalili kwamba pana uhitaji, na kuulizwa wewe ni dalili kwamba watu wanakuamini katika jambo hilo.

Hatua inayofuata, ambayo waandishi wengi huiruka, ni kuipunguza mada. Chukua mfano wa mtu anayeishi Busia, mji wa mpakani na Kenya, na kutaka kuandika kuhusu biashara. Biashara kwa jumla haiandikiki. Magazeti na benki wameshaisemea, na yeye hana la kuongeza. Biashara ya mpakani ni afadhali, ingawa bado ni pana, kwa kuwa ndani yake wamo wenye makontena na wamo akina mama wanaovusha mafungu ya nyanya. Akiipunguza tena hadi taratibu zinazomhusu mfanyabiashara mdogo wa mazao, atajikuta mahali ambapo kuna mambo mengi mahususi ya kueleza. Kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, ambamo maofisa wa Uganda na wa Kenya hufanya kazi chini ya paa moja. Kuna cheti rahisi cha uasili, yaani karatasi ya kuthibitisha bidhaa imetoka wapi, kinachotolewa kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, na ambacho hakimwondolei mfanyabiashara wajibu wa ukaguzi wa afya ya mimea. Kuna suala la sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, lililosababisha Kenya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania mwezi Machi 2021, kisha kuyaruhusu tena kwa masharti. Kila jambo kati ya hayo lina ofisa wa kuulizwa, wakala wa forodha wa kuulizwa, na mfanyabiashara aliyepitia, na wote wanapatikana katika mji ule ule. Mwandishi wa Kampala anaweza kuandika habari ya katazo la mahindi kwa kusoma taarifa. Wa Busia anaweza kueleza mwenye magunia alitakiwa aonyeshe karatasi gani, na aliipata wapi. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya msomaji arudi.

Utajuaje kwamba umepunguza vya kutosha? Jaribu kuisema mada yako katika sentensi moja inayomtaja msomaji na shida yake. Ukishindwa bila kutumia neno kama "mambo mbalimbali", endelea kupunguza. Woga wa kuishiwa cha kusema kwa sababu mada ni ndogo hauna msingi mkubwa. Kwa ninavyoona, walio wengi huacha kuandika kwa sababu mada ilikuwa kubwa mno, kila makala ikawa inaanza upya, wala msomaji hakujua anafuata nini.

Msomaji naye hana budi kuchaguliwa, na hapa Uganda suala la lugha halikwepeki. Habari nyingi huandikwa kwa Kiingereza na kwa Luganda, kwa hiyo jiulize ni nani anayehitaji jambo hili kwa Kiswahili. Wapo wafanyabiashara wa Busia, Malaba, Mutukula na Mpondwe ambao wateja wao wako ng'ambo ya pili. Wapo askari na familia zao, Wanubi wa Bombo na Arua, na wanafunzi wanaojifunza Kiswahili sekondari. Wapo pia Wakongo waishio katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, ambao wengi wao Kiswahili ndicho wanachokielewa vizuri zaidi. Mzazi kutoka Bukavu anayemwandikisha mwanawe shule ya Uganda anahitaji kuelezwa kwamba shule ya msingi ni miaka 7 na huishia na PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwamba sekondari ya chini ni miaka 4, na kwamba miaka 2 ya juu ndiyo inayomfikisha mwanafunzi kwenye mlango wa chuo kikuu. Makundi haya hayafanani, na makala inayoyalenga yote kwa pamoja hailifai hata moja. Chagua kundi ambalo unaweza kukaa nalo na kulisikiliza. Kumbuka vilevile kwamba wengi watasoma kwa simu na kwa bando la kupima, ambalo tangu Julai 2021 limebeba kodi ya asilimia 12. Mada inayolazimu video ndefu itawaacha nyuma wengi wa hao.

Kisha itazame mada yako katika kalenda. Mkazi wa Masaka anaweza kuvutwa na senene, panzi wanaoliwa, na kwa kweli ni habari tamu: taa kali, mabati yaliyosimamishwa, mapipa chini yake, na mji mzima kukesha. Lakini msimu mkubwa wa senene ni mwezi Novemba hivi, ule mdogo huja karibu na Aprili na Mei, na baina ya misimu hiyo mwandishi hana kipya cha kushuhudia. Katika mji huo huo wa Masaka, anayeandika kuhusu kahawa ya robusta ya mkulima mdogo ana kazi ya mwaka mzima. Mvua zikianza kuna miche na upandaji, na hapo huzuka swali la aina za robusta ziitwazo KR, zinazostahimili mnyauko wa kahawa, ugonjwa uliogunduliwa Uganda mwaka 1993 na kuangamiza mashamba mengi. Mvua zikikatika kuna kupogoa na kuondoa machipukizi. Mavuno makubwa ya upande huo yakifika katikati ya mwaka, kuna kuchuma matunda yaliyoiva badala ya kukamua tawi zima, kuna kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, na kuna bei ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa pamoja na ganda lake, ambayo mkulima huipigania na mnunuzi kila siku. Senene wanaweza kupewa makala mbili nzuri ndani ya mfululizo wa vyakula vya Masaka; peke yao hawatoshi.

Sasa ipime kwa karatasi. Andika vichwa vya makala 20 kwa mkao mmoja. Vichwa vya mwanzo vitakuja upesi, kwa kuwa ni vile ambavyo kila mtu angeviandika. Kuanzia pale mkono unapoanza kusita ndipo utakapoona kama una mada au una hamu tu. Mbele ya kila kichwa andika utakagua wapi: mtu gani, ofisi gani, shamba gani, soko gani. Vichwa ambavyo mbele yake unaweza kuandika "mtandaoni" pekee, viwekee alama. Vikizidi nusu, mada hiyo si yako kwa sasa, hata kama ni nzuri.

Mada chache zinahitaji tahadhari ya ziada. Dawa na vipimo vyake mwachie mwenye taaluma, au andika ukiwa naye. Ukiandika habari za watu binafsi, soma kwanza Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, pamoja na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, ambayo marekebisho yake ya 2022 yaliongeza makosa yanayohusu taarifa za watoto na kauli za chuki.

Ikiwa mada mbili zimebaki na zote zinakuvuta, usiamue kwa kuwaza. Andika makala tatu kamili kwa kila mojawapo bila kuzichapisha, na uangalie inavyokuwa ile ya pili na ya tatu, maana ya kwanza hubebwa na hamasa. Mada ambayo makala yake ya tatu ilikulazimisha kuegemea maandishi ya wengine, iweke kando pamoja na maelezo yake. Ile ambayo makala yake ya tatu ilizaa maswali mapya uliyotaka kwenda kuyauliza siku hiyo hiyo, anza nayo, na hizo tatu ziwe akiba yako ya majuma ya mwanzo.