Mzee Amerudi Nyumbani na Mpira wa Mkojo: Namna ya Kumtunza Hadi Siku ya Upasuaji

Tezi dume ikikua hadi kuziba mkojo kabisa, hospitali hupitisha mpira kwenye uume hadi kibofuni, mkojo ukatoka na maumivu yakatulia. Kisha mzee hurudishwa nyumbani, iwe ni Ahero, Mumias au Molo, aingoje tarehe ya upasuaji. Kungoja huko huchukua wiki kadhaa, pengine miezi, na madhara mengi hutokea katika kipindi hicho. Mzee aliyetunzwa vizuri huingia thieta akiwa na nguvu na figo zinafanya kazi. Aliyetunzwa vibaya hufika na homa, akaahirishwa, akarudi kwenye foleni.

Karibu kila shida ya mpira ina chanzo kimoja kati ya vitatu: umevutwa, umefunguliwa ovyo, au njia yake imepinda au kupanda juu. Mlezi akiyashika hayo matatu, mengine mengi atayatambua mwenyewe.

Kilichomo mwilini

Wanaume wazima wengi huwekewa mpira wa saizi 14 au 16. Sehemu ya nje ina mikia miwili. Ule mpana huungana na mfuko. Ule mwembamba una vali ya rangi, na hapo ndipo muuguzi alipopitisha maji safi kwa sirinji, kwa kawaida mililita 10, kujaza baluni ndogo iliyo ndani ya kibofu. Baluni hiyo ndiyo inayouzuia mpira usichomoke. Vali isiguswe na mpira usikatwe kwa sababu yoyote.

Mpira ukivutwa baluni ikiwa imejaa, baluni hupita kwa nguvu kwenye mrija mwembamba na kuuchana. Damu hutoka siku hiyo hiyo. Kibaya zaidi huja miezi baadaye, pale kidonda kinapofanya kovu na kovu likabana njia ya mkojo upya. Kovu la namna hiyo huweza kumsumbua mtu kwa miaka hata baada ya tezi kutolewa. Kwa hiyo mzee mwenye homa, au anayechanganyikiwa usiku, asilale peke yake.

Kabla hamjaondoka hospitalini, andikeni kwenye daftari tarehe aliyowekewa mpira, saizi yake, mililita za baluni na aina ya mpira. Ule wa kawaida, wa rangi ya manjano iliyokolea, usipitishe wiki 4. Wa silikoni, ambao kwa kawaida huwa mweupe au unaona ndani, unaweza kukaa hadi wiki 12. Ukipitwa na muda, chumvi za mkojo huganda kwenye ncha. Mpira huziba, na wakati wa kuutoa ganda hilo hukwaruza njia yote. Tarehe ya kubadilisha ikifika, nendeni hata kama mkojo unatoka vizuri.

Kuufunga pajani

Mpira ushikizwe kwa plasta pana sehemu ya juu ya paja, na kati ya plasta na uume uachwe ulegevu kidogo ili mzee akinyoosha mguu au akigeuka usivutike. Hapa wengi hukosea: huubana ukakaza kabisa, na kila hatua anayopiga inavuta shingo ya kibofu. Kila baada ya siku chache hamishia paja la pili ngozi ipumzike. Nywele zikinasa plasta, zipunguze kwa mkasi. Wembe huacha vidonda vidogo vinavyoingiza vijidudu.

Usafi

Mara mbili kwa siku, na kila baada ya choo kubwa. Maji na sabuni ya kawaida ya kuogea vinatosha. Nawa mikono kwanza. Osha kichwa cha uume, kisha osha mpira ukianzia pale unapoingia na kushuka chini kama sentimita 10. Usirudi juu, kwa sababu kitambaa kikirudi juu kinasukuma uchafu ndani. Dettol, spiriti na poda huchoma ngozi. Vaselini na mafuta mengine hulainisha ule mpira wa manjano hadi ukachakaa, hata baluni ikaweza kupasuka.

Wazee wengi wa pande za Nyanza hawakutahiriwa, kwa hiyo govi huvutwa nyuma, huoshwa ndani, hukaushwa, kisha hurudishwa mbele. Lisiporudishwa, hukaza nyuma ya kichwa cha uume kama pete, uvimbe ukaongezeka na damu ikakosa njia. Ukikuta limevimba na halirudi, hiyo ni dharura, nendeni hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna jambo ambalo wauguzi hawalisemi wakati wa kumruhusu mgonjwa. Katika boma nyingi za Waluo na Waluhya, mkaza mwana hawezi kuuona utupu wa baba mkwe wake, na mara nyingi ndiye pekee anayeshinda nyumbani. Matokeo yake mzee haoshwi, na hakuna anayelitamka. Gawaneni kazi mapema. Mzee mwenye nguvu ajioshe mwenyewe, afundishwe mbele ya kioo kama haoni vizuri chini. Asiyeweza aoshwe na mkewe, mwanawe wa kiume, ndugu yake au mjukuu. Kumwaga mkojo ni kazi isiyogusa mwili, bomba liko mwisho wa mfuko, kwa hiyo mkaza mwana anaweza kuifanya na heshima ikabaki mahali pake.

Mfuko

Kemisti huuza mifuko ya lita 2. Chagua wenye bomba la kumwagia chini na vali inayozuia mkojo usirudi juu. Isiyo na bomba hulazimu mpira ufunguliwe kila mara, na kila mnapoufungua mnaviingiza vijidudu moja kwa moja kibofuni. Kwa hiyo mfuko usitenganishwe na mpira hata wakati wa kuoga, aoge nao.

Wakati wote mfuko uwe chini ya kibofu, na usiguse sakafu. Kitandani, uning'inize kwenye ukingo wa kitanda au kwenye ndoo safi iliyosimama chini. Akitembea, aushike chini ya usawa wa kiuno. Mzee anayelala kwenye godoro lililowekwa sakafuni ana shida ya kweli, kwani mkojo haushuki. Hapo ni heri apewe kitanda cha mtoto hadi apone.

Mwaga mfuko ukifika nusu, au theluthi mbili ukichelewa sana, kwa sababu mfuko uliojaa ni mzito na unavuta:

1. Nawa mikono, tayarisha jagi la plastiki lenye vipimo ambalo halitumiki kwa kazi nyingine.
2. Fungua bomba, mkojo umiminike bila ncha ya bomba kugusa jagi.
3. Funga, pangusa ncha kwa karatasi safi, nawa tena.
4. Andika kiasi, saa na rangi.

Badilisha mfuko kila baada ya siku 5 hadi 7, au mapema ukichafuka au kuvuja. Bana mpira kwa vidole, chomoa mfuko wa zamani, ingiza mpya papo hapo bila kugusa ncha yake. Ncha ikigusa shuka au kidole, mfuko huo umeharibika, chukua mwingine. Ndiyo maana mmoja wa akiba haukosi nyumbani.

Maji na choo

Wazee wengi hupunguza kunywa wakidhani mpira utapumzika. Mkojo mzito ndio unaoganda na kuziba. Lengo ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, uji na chai vikiwemo, na kidogo zaidi kwa joto la Kisumu, isipokuwa daktari amemwekea kipimo kwa ajili ya moyo au figo. Mkojo uwe wa manjano hafifu.

Choo kigumu hukandamiza mpira na kuusukuma mkojo kando yake, na kujikamua huleta damu. Papai, parachichi, mboga za majani na maji husaidia. Akipitisha siku tatu bila choo, mwambieni mhudumu wa afya.

Mkojo ukikoma kutoka

Mfuko ukikaa mkavu saa mbili au tatu na mzee alikuwa anakunywa, fuateni mpangilio huu. Fuata mpira wote kwa mkono, kuanzia pajani hadi mfukoni: je, umepinda, ameulalia, au nguo imeubana? Mfuko uko juu? Mgeuze upande wa pili, au asimame. Tazama kama bonge la damu au mchanga mweupe umekwama kwenye mpira unaoonekana. Mara nyingi shida huishia hapo.

Kama bado, na tumbo la chini limejaa na linauma, nendeni hospitali bila kungoja asubuhi. Msisukume maji kwa sirinji nyumbani. Kibofu kilichojaa kikisukumiwa maji huumia zaidi, na kama ncha imehama kutoka kibofuni mnajaza mahali pasipofaa.

Mkojo ukipita kando ya mpira huku mwingine ukiendelea kufika mfukoni, kwa kawaida kibofu kinakaza ghafla kwa sababu kinakasirishwa na baluni. Mzee huhisi kubanwa, kisha analowa. Kuweka mpira mnene zaidi hakusaidii. Angalieni choo kigumu na mpira unaovutwa, kisha mweleze daktari; zipo dawa za kukituliza kibofu.

Rangi ya waridi siku moja mbili baada ya kuwekewa mpira si ajabu. Damu nyekundu iliyokolea, au mabonge, si ya kungojea.

Kuhusu antibiotiki

Kila mpira uliokaa wiki kadhaa una vijidudu, na mkojo wake huweza kuwa na ukungu na harufu. Hilo pekee halihitaji dawa. Familia hukimbilia kemisti kila mkojo ukinuka, mzee akapewa vidonge vya siku tano, kisha vingine, na siku ya upasuaji vijidudu vilivyobaki ni vile visivyosikia dawa. Ongeza maji, tazama tarehe ya mpira. Kinachohitaji matibabu, tena haraka, ni homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya ubavuni au kwenye korodani, kutapika, au mzee kuanza kupayuka. Vijidudu vya mkojo vikiingia kwenye damu huua mzee kwa muda mfupi.

Safari na maandalizi

Siku ya kliniki, mwageni mfuko kabla ya kupanda matatu. Ukae karibu na mguu, si mapajani chini ya shuka jinsi wengi wanavyouficha, maana hapo mkojo unarudi. Mfuniko wa kitambaa ulioshonwa nyumbani huficha vizuri zaidi. Bodaboda si salama kwake: kukaa panda hukandamiza mpira, na mfuko unaoning'inia ukinasa kwenye gurudumu hauachi salama.

Anayetoka Bondo au Vihiga kwenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi kule Kisumu, ile wenyeji waitayo Russia, au ya Moi kule Eldoret, abebe daftari, majibu ya altrasaundi, kipimo cha damu cha figo, na dawa zote anazokunywa. Za kuyeyusha damu, ikiwemo aspirini, zitajwe mapema. Daktari ndiye wa kusema zisimamishwe lini. Bima ya afya ya serikali, SHA, iwe imelipwa kabla, na ulizeni kama jamaa watatakiwa kuchangia damu, hasa akipasuliwa tumbo badala ya kupitishiwa kifaa kwenye njia ya mkojo.

Kipimo cha PSA, kile cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya tezi dume, kisifanywe siku chache baada ya mkojo kuziba, kuwekewa mpira au kupata maambukizi. Huwa juu hata pasipo saratani, na familia inalala na hofu ya bure. Ngojeni wiki 6 hivi, isipokuwa daktari amehisi uvimbe mgumu alipopima kwa kidole.

Kabla ya thieta, huenda akajaribiwa bila mpira

Baadhi ya wazee hupewa tamsulosini, miligramu 0.4 mara moja kwa siku, kisha baada ya siku kadhaa mpira hutolewa kuona kama mkojo utapita wenyewe. Dawa hii hushusha presha mtu akiinuka ghafla, kwa hiyo aketi kwanza ukingoni mwa kitanda kabla ya kwenda choo usiku. Pangeni mpira utolewe asubuhi, si jioni. Anywe kama kawaida, glasi moja kila saa moja hivi, wala asijaze tumbo maji akidhani atauharakisha mkojo. Kila anapokojoa kiasi kiandikwe. Akipitisha saa 6 bila kukojoa, au akitoa matone tu huku tumbo likijaa, arudi siku hiyo hiyo awekewe mpira mwingine.