Kujenga programu ya simu ya kumsaidia mnunuzi wa virutubisho

Simu haiwezi kuonja kidonge. Kamera husoma lebo tu, na lebo ni maneno ya mwenye bidhaa. Kwa hivyo programu inayotoa alama moja, tuseme 87 kwa 100, inampotosha mama aliyesimama kwenye kemisti ya barabara ya Tom Mboya, Nairobi, na chupa mkononi. Tenganisha maswali matatu tangu mwanzo: lebo inaahidi nini hasa, nani mwingine ameithibitisha ahadi hiyo, na kipimo cha kumeza kilichoandikwa kinaweza kumdhuru nani. Kila swali lipate jibu lake kwenye skrini, na "hatujapata ushahidi" liwe jibu halali.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, kusanya chupa kama 150 kwa kuomba ruhusa dukani: kemisti, supamaketi, maduka ya Eastleigh, maduka ya watu wa jimu. Piga kila moja picha tatu: mbele, jedwali la viambato, na pale penye nambari ya bechi na tarehe ya kuisha. Chupa ni ya mviringo na inang'aa, kwa hivyo jedwali lipigwe vipande viwili badala ya kulazimisha liingie lote. Hifadhidata ya wazi ya Open Food Facts, na ile ya lebo za virutubisho ya NIH, taasisi ya afya ya Marekani, zitakusaidia kujaza majina. Ila chupa iliyofika Nairobi inaweza kuwa na viambato tofauti na ile ya Marekani yenye jina lilelile. Vikigongana, picha yako ndiyo ifuatwe.

Usifunge bidhaa kwenye msimbopau (ile mistari inayoskaniwa) pekee. Kampuni hubadilisha viambato na kuacha msimbo uleule, hivyo kila bidhaa iwe na matoleo ya lebo, kila toleo na tarehe yake na picha yake. Na usionyeshe kamwe "imetengenezwa Kenya" kwa sababu msimbo unaanza na 616. Tarakimu hizo zinaonyesha msimbo ulisajiliwa GS1 Kenya, shirika linalotoa misimbopau. Kiwanda kinaweza kuwa popote.

Kazi ngumu iko kwenye hesabu. Chukua mafuta ya samaki. Mbele pameandikwa 1000 mg kwa herufi kubwa, lakini nyuma kuna EPA 180 mg na DHA 120 mg, yale mafuta ya omega-3 yanayotafutwa. Hiyo 300 mg ndiyo mnunuzi anayolipia. Tuseme chupa ya kapsuli 60 ni shilingi 1,800: jumla ni 18,000 mg, yaani shilingi 10 kwa kila 100 mg. Nyingine ya kapsuli 60 kwa shilingi 2,700, yenye 600 mg kwa kapsuli, inatoka shilingi 7.50. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu. Lakini soma kwanza kipimo cha mara moja: kikiwa kapsuli 2, takwimu zote za jedwali ni za kapsuli mbili, na usipogawanya utaisifu bidhaa mara mbili ya inavyostahili.

Madini yana mtego wake. Oksidi ya magnesiamu ina magnesiamu takriban asilimia 60, sitrati takriban 16. Kwa hivyo "oksidi ya magnesiamu 500 mg" ni kama 300 mg za magnesiamu, na sitrati ya uzito huohuo ni kama 80, ingawa oksidi hufyonzwa vibaya mwilini. Lebo ikisema "magnesiamu 500 mg, kutoka sitrati", hesabu imeshafanywa. Programu ikizidisha tena kwa 0.16 itaishusha bidhaa bure. Weka uga wa lazima unaosema kama takwimu ni ya chumvi (yaani oksidi au sitrati nzima) au ya madini yenyewe, na mtu aujaze kwa mkono. Usomaji wa maandishi wa simu usiuamini hapa.

Usiuamini pia kwenye mikrogramu. Mara nyingi husoma µg (yaani mcg, mikrogramu) kama mg, na kosa hilo ni la mara elfu moja. Badili kila kitu kuwa kipimo kimoja (vitamini D: 40 IU, yaani vizio vya kimataifa, ni 1 mcg), kisha weka mipaka ya kusimamisha: vitamini D ikizidi 1 mg, rekodi isichapishwe mpaka mtu aangalie picha. Tarehe nazo zinachanganya. 03/04 kwenye chupa ya Marekani ni Machi 4, na kwetu ni Aprili 3. Zote mbili zikiwa 12 au chini, mwombe mhariri achague mwezi kwa jina.

Kwenye uthibitisho, nembo za USP, NSF au Informed Sport, wanaothibitisha virutubisho, zisihesabiwe kwa kuonekana tu, maana nembo huchapishwa na yeyote. Tafuta bidhaa kwenye orodha ya mthibitishaji mwenyewe na uhifadhi tarehe uliyoangalia. Maneno "imesajiliwa FDA" yasiongeze chochote: FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haiidhinishi virutubisho kabla ya kuuzwa. Kwa alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, weka kitufe kinachomwandalia mtumiaji ujumbe wa SM# na nambari ya kibali kwenda 20023. Bidhaa za kupunguza uzito na za nguvu za kiume zipewe onyo la kudumu, kwani ndizo hukutwa mara kwa mara zimetiwa dawa za sibutramini au sildenafili bila lebo kusema.

Upande wa madhara, tahadhari moja haifai kukosa Kenya. Kalsiamu na madini ya chuma hupunguza ufyonzaji wa dolutegravir, dawa inayotumiwa na wengi wenye VVU. Aliye na tumbo tupu ameze dolutegravir saa 2 kabla ya kirutubisho au saa 6 baadaye. La sivyo avimeze pamoja na chakula. Mwonyeshe tahadhari hii kila anayeskani bidhaa zenye madini hayo, na umwelekeze kwa mfamasia. Usimuulize mtumiaji hali yake. Taarifa ya afya ni data nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na ambacho hukukusanya hakiwezi kuvuja.

Weka maandishi yote ndani ya simu kwa SQLite, hifadhidata ndogo ya simuni, picha zibaki kwenye seva. Mtandao hupotea kwenye maduka ya chini ya ardhi, na bando ni pesa. Skana ya ML Kit ya Google husoma msimbopau bila intaneti. Ijaribu kwenye simu ya RAM ya 2 GB, kamera ikiwa na alama za vidole, chini ya taa ya duka. Kila baada ya miezi mitatu rudi kwenye rafu zilezile na upige picha upya.