Somo: Kupanga matangazo ya AdSense kwenye tovuti ili yalipe (na maswali ya wanachama)

Somo hili linamhusu mwenye tovuti ya WordPress, makala zake mwenyewe, na wasomaji ambao wengi wao wanaingia kwa simu. Tangu mwanzoni mwa 2024 AdSense, huduma ya Google inayoweka matangazo kwenye tovuti yako na kukulipa, inalipa kwa maonyesho ya tangazo badala ya mibofyo. Watu wengi wakaona basi dawa ni kujaza ukurasa matangazo. Hapo ndipo wanapojiumiza. Google huhesabu tangazo la kawaida kuwa limeonekana pale angalau nusu ya eneo lake inapokaa kwenye skrini kwa sekunde 1 mfululizo. Nafasi inayopitwa haraka, au iliyo chini wasikofika wasomaji, huvutia bei ndogo hata ikipakiwa mara elfu kumi.

Hatua ya 1: Kabla ya kuomba
Uwe na jina lako la tovuti (.co.tz, .co.ke au .com, yoyote inafaa), umri usiopungua miaka 18, na kurasa tatu: Kuhusu Sisi, Mawasiliano na Sera ya Faragha. Sera iseme wazi kwamba watangazaji wanatumia vidakuzi (faili ndogo zinazomtambua msomaji). Sababu ya kukataliwa inayojitokeza sana ni maudhui yenye thamani ndogo: habari zilizonakiliwa kwenye magazeti, makala za aya mbili, menyu zinazofungua kurasa tupu. Futa au jaza, ndipo uombe. Kwa Tanzania, tovuti ya habari ina masharti ya leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi. Maliza hilo mapema.

Hatua ya 2: Msimbo na ads.txt
Msimbo wa AdSense unakaa ndani ya <head>. Site Kit, plagini ya Google ya WordPress, inauweka yenyewe, ila usiuweke tena kwa mkono juu yake. Kisha tengeneza faili la ads.txt, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza matangazo kwenye tovuti yako, lenye mstari huu, ukiweka namba yako ya AdSense:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Faili likae kwenye mzizi wa tovuti, yaani ukiandika jina la tovuti yako, mkwaju, kisha ads.txt, lifunguke. Makosa ni yaleyale kila siku: faili limewekwa ndani ya folda ya wp-content, au Notepad imelihifadhi kama ads.txt.txt, au mtu amenakili mstari wa rafiki yake pamoja na namba ya rafiki.

Hatua ya 3: Chagua nafasi
Matangazo ya kiotomatiki yana raha yake, lakini mara nyingi yanatua kusiko. Bakiza lile la kunata chini ya skrini, zima yale ya ndani ya ukurasa, kisha weka nafasi zako kwa mkono. Plagini ya Ad Inserter inakuwezesha kusema "baada ya aya ya 3" bila kugusa kila makala.

Kwa makala ya maneno 800 hivi, anza na nafasi tatu:
– baada ya aya ya 2 au ya 3, pale msomaji ameshaamua kuendelea;
– katikati, kabla ya kichwa kidogo kinachofuata;
– mwisho wa makala, kabla ya maoni.

Usiweke tangazo kubwa juu ya kichwa cha habari. Kwenye simu linasukuma makala nje ya skrini, na msomaji wa bando la siku hangoji. Usiliweke pia jirani na kitufe cha kupakua au cha kucheza video, kwa sababu mibofyo ya bahati mbaya huhesabika kuwa batili. Ukitaka kuweka maandishi juu ya tangazo, andika "Matangazo" tu. "Tusaidie kwa kubonyeza hapa" inafungisha akaunti.

Hatua ya 4: Tenga nafasi mapema
Hatua hii ndiyo inayorukwa, na inakula wasomaji kimyakimya. Maandishi yanafunguka kwanza, tangazo linakuja baadaye na kuyasukuma chini. Msomaji alikuwa aya ya tatu, ghafla anajikuta anatazama picha ya sabuni. Anarudi Google. Zungushia msimbo wa tangazo kisanduku chenye kimo kilichotengwa:

<div style="min-height:280px; margin:24px 0">msimbo wa tangazo hapa</div>

280 inatosha tangazo la 336×280 na la 300×250. Pima ukurasa kwa PageSpeed Insights, upande wa simu: kipimo cha CLS, yaani kiasi ambacho ukurasa unarukaruka ukifunguka, kisizidi 0.1. Kikizidi, kwanza tafuta nafasi uliyosahau kuitenga, halafu picha zisizoandikiwa upana na kimo.

Hatua ya 5: Pima
Kila nafasi iundie tangazo lake na jina linaloeleweka, mfano "makala-aya3". Ukitumia tangazo moja kila mahali, ripoti haitakuambia lipi linalipa. Angalia mambo mawili: asilimia ya kuonekana, na RPM, ambayo ni mapato gawanya kwa idadi ya kurasa zilizofunguliwa, mara 1,000. Dola 4.20 kwa kurasa 6,000 ni RPM ya 0.70. Badilisha jambo moja tu, ngoja wiki mbili, linganisha. Epuka kulinganisha Desemba na Januari. Watangazaji hupunguza bajeti mwaka ukianza, utalaumu nafasi isiyo na kosa.

Hatua ya 6: Malipo
Ukifikisha dola 10, Google inatuma PIN, namba ya kuthibitisha anwani yako, kwa barua. Malipo yanatoka ukifika dola 100, kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Jina la akaunti lilingane na la benki herufi kwa herufi, na uwe na namba ya SWIFT ya benki yako, inayotumika kupokea fedha kutoka nje. Fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu binafsi asiye Mmarekani ni W-8BEN. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani, kwa hiyo usidai nafuu ya mkataba.

MASWALI

Swali: Mkuu, niliweka matangazo nane kwa ukurasa, wiki ya kwanza mapato yakapanda, sasa yameshuka chini ya mwanzo. Nini kimetokea?
Jibu: Fungua asilimia ya kuonekana kwa kila nafasi. Zile zenye asilimia ndogo kabisa zitakuwa zinakuvuta chini. Ukurasa nao umekuwa mzito, wasomaji wanatoka mapema. Ondoa zilizo dhaifu kuliko zote, bakiza tatu au nne, uone baada ya wiki mbili.

Swali: Tovuti imekubaliwa ila nafasi ni nyeupe tu.
Jibu: Tangazo jipya huweza kuchukua hadi saa moja, wakati mwingine zaidi. Safisha kashe (nakala za zamani za ukurasa), jaribu kivinjari kisicho na kizuia matangazo, kisha soma ads.txt yako. Kama kuna onyo kwamba utoaji wa matangazo umewekewa kikomo, subiri na uache kununua trafiki. Na usibonyeze tangazo lako "kujaribu".

Swali: Kuna kundi la WhatsApp la nibonyezee nikubonyezee. Lina ubaya?
Jibu: Toka leo. Google inaona watu walewale wakizunguka tovuti zilezile. Mapato hayo yanakatwa na kurudishwa kwa watangazaji, na akaunti inafungwa.

Swali: PIN haijafika, natumia S.L.P. ya ofisi.
Jibu: Andika namba ya sanduku, jina la ofisi na mji kama posta yenu inavyovijua, kisha mwambie anayechukua barua. Ni barua ndogo, huchanganywa na matangazo ya posta ikatupwa. Wiki tatu zikipita, omba nyingine. Miezi minne tangu PIN ya kwanza bila kuthibitisha, matangazo yanasimama. Yanasimama pia ukikosea namba mara tatu.

Swali: Duka la vitambaa hapa Mombasa linataka bango moja kwa moja. Nitoze ngapi?
Jibu: Dada, anza na kile nafasi hiyo inachokupa sasa. Kama ni dola 0.40 kwa kurasa 1,000 na una kurasa 30,000 kwa mwezi, ni dola 12. Hiyo ndiyo sakafu. Kwa kuwa duka linapata nafasi peke yake, mara mbili ni bei ya haki. Pokea M-Pesa kabla ya kuweka. Kiungo kiwekee rel="sponsored", ili Google ijue kimelipiwa. Bango hilo linaweza kukaa ukurasa mmoja na AdSense.

Swali: Nusu ya wasomaji wangu wako Uingereza na Ujerumani. Kuna la ziada?
Jibu: Ndiyo. Tangu 16 Januari 2024, matangazo kwa wasomaji wa huko yanahitaji mfumo wa ridhaa (ujumbe unaomwomba msomaji akubali vidakuzi) uliothibitishwa na Google. Ingia AdSense, sehemu ya faragha na ujumbe, uwashe ujumbe wa Ulaya, ni bure. Usipouweka, matangazo huko yatakuwa machache, na hao ndio kwa kawaida wenye RPM kubwa kwako.