Kufunga mwamba wa pweza: kutoka kikao cha shehia hadi siku ya kufungua

Pweza wa miamba ya Unguja na Pemba huishi mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, hujikalia pangoni akilinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa. Kwa kuwa pweza mdogo hukua upesi mno, mwamba ukifungwa, yaani ukipumzishwa bila kuvuliwa, miezi mitatu, tofauti huonekana kwenye mizani. Chewa angetaka miaka.

Anzeni na watu, maboya baadaye. Kamati ya wavuvi ya shehia (eneo dogo la utawala lililo chini ya sheha) iwaite wanawake wanaochokoa kwa miguu maji yakikupwa, wazamiaji, wachuuzi, na shehia jirani zinazotumia mwamba huo huo. Wanawake wakisahauliwa mpango umeshavunjika: mwenye miwani ya kuzamia na chombo atakwenda kwengine, wao mwamba wa karibu ndio shamba lao. Chagueni sehemu yenye mapango mengi na inayoonekana kutoka pwani, na zaidi ya nusu ya eneo la kuvulia ibaki wazi.

Mkikubaliana, andikeni mipaka, tarehe na faini, mzipeleke kwa sheha na kwa maofisa wa Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi. Mwamba ukiwa ndani ya hifadhi, mfano Menai au Mkondo wa Pemba, kanuni za hifadhi nazo zinahusika. Msiruke hatua hii: doria isiyo na kanuni iliyoidhinishwa ikimkamata mwizi, haina la kumfanya.

Zuieni uvuvi wote, si wa pweza peke yake. Mwenye mshipi akiruhusiwa, walinzi hawatamjua nani kaja kuvua changu na nani kaficha kijiti cha kuchokolea pweza.

Kabla ya kufunga, pimeni pweza wanaoshuka dikoni, pale vyombo vinapofikia, kwa bamvua (siku za maji makubwa, yanayojaa na kukupwa sana) mbili angalau: idadi, uzito, na watu wangapi walitoka. Bila hesabu hiyo, siku ya kufungua kila mtu atakuwa na lake la kusema. Tarehe ya kufungua nayo ipangwe mapema iangukie bamvua, maji yakitoka mbali, ili hata asiye na chombo afike.

Wizi huzidi wiki za mwisho, kwa sababu pweza wameshakuwa wakubwa na wote wanajua. Ongezeni zamu wakati huo, hasa maji ya usiku, na mafuta ya boti yawekwe akiba tangu mwanzo.

Siku ya kufungua ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Watu huingia kwa pamoja, hukanyaga matumbawe, hufukua kwa vyuma, na bei huanguka kwa kuwa mnunuzi ni mmoja na pweza ni tele. Tafuteni wanunuzi wawili au watatu mapema, bei iandikwe, barafu iwepo. Vyuma vizito marufuku. Chini ya gramu 500 aachwe. Pango lililozibwa kwa mawe, lenye mayai yaning'iniayo darini, lisiguswe: kumtoa jike huyo ni kupoteza uzao wake wote.

Vitoto vilivyoanguliwa huchukuliwa na mkondo kwa wiki kadhaa kabla ya kutua, hivyo mwamba wenu huenda unalishwa na shehia nyingine. Pangeni nao zamu za kufunga. Bamvua ikipita, baada ya siku nne au tano, fungeni tena. Mkiacha wazi mfululizo, wadogo mliowaonea huruma siku ya kwanza watachokolewa siku ya kumi.